"Tulijua Siku Nyingi, Sista": Tuache Kusubiri Mpaka Mtu Afike Wodini

*Sehemu ya 1*

Najua niliahidi wiki hii tutaongelea uji wa mtoto wa miezi sita. Uji utasubiri. Leo kuna jambo limenikaa kooni na nimeona bora nilitoe hapa tuliongee kama watu wazima.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, alikuja mama mmoja hospitali niliyokuwa nafanya kazi. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili asijulikane, maana siri ya mgonjwa ni siri. Mara ya kwanza alikuja mkono umevimba. "Niliteleza na ndoo." Huku kwetu vilima ni vingi, mvua ikinyesha njia ya kisimani inateleza kweli. Nikaamini.

Mara ya pili mdomo umepasuka. "Nimejigonga mlango wa jiko." Safari hii mume alisimama pembeni yake. Kila nikimuuliza mama swali, jibu linatoka kwa baba. Mama anaangalia sakafu. Nakiri mbele yenu: niliona. Lakini foleni ilikuwa ndefu, nikashona mdomo, nikaandika dawa ya maumivu, nikaita mgonjwa anayefuata.

Mara ya tatu aliletwa usiku kwa pikipiki. Mimba ya miezi saba, amekabwa shingo, amepigwa mateke. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Asubuhi majirani walikuja na uji wa chupa na kanga. Mmoja alikaa kwenye benchi, akashika tama, akaniambia, "Sisi tulijua siku nyingi, sista." Nilitaka kumkasirikia. Ningeanzia wapi? Na mimi nilijua tangu mara ya pili.

*Sehemu ya 2*

Ndiyo maana leo naandika. Msimamo wangu ni huu, na nitautetea: dalili za ukatili karibu kila mara kuna mtu ameziona. Tunaona vizuri sana. Shida yetu ni mdomo. Tunasubiri tuwe na uhakika, na uhakika ukija unakuja na damu.

Hebu fikiria homa. Mtoto akichemka usiku, unasema "ngoja kwanza nithibitishe kama ni malaria ndiyo nimpeleke"? Hapana. Unambeba mgongoni unakwenda zahanati. Kazi yako ni kuona joto na kumleta. Kupima ni kazi yetu. Ukisubiri uhakika, utamleta akiwa na degedege.

Taarifa ya ukatili ni hivyo hivyo. Wewe hutakiwi kuleta ushahidi wa mahakamani. Unaleta ulichokiona na ulichokisikia. Wenye kazi ya kuchunguza wachunguze. Kutoa taarifa siyo kumhukumu mtu.

Na tusidhani haya ni ya nyumba chache za walevi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49. Asilimia 27 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Hiyo ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Hesabu wanawake waliokaa na wewe kwenye benchi la kliniki ya mtoto Jumanne ijayo.

*Sehemu ya 3: Kwa mama na dada zangu*

Marekani kuna muuguzi anaitwa Jacquelyn Campbell. Mwaka 1985 alitengeneza orodha ya maswali ya kumsaidia mwanamke kujua kama kipigo cha nyumbani kinaelekea kwenye kifo. Orodha hiyo imetumika na kufanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Nakupa baadhi ya dalili zake kwa lugha yetu, na usome taratibu:

Vipigo vinazidi kuwa vya karibu karibu au vizito zaidi kuliko mwaka jana.
Amewahi kukukaba shingo.
Ametishia kukuua, na moyoni unaamini anaweza.
Anakupiga ukiwa mjamzito.
Anatishia kujiua yeye mwenyewe.
Wivu umemzidi: anapekua simu, anakufuata sokoni, anakataza usiende hata kwa mama yako.
Ana silaha, au ametumia silaha kukutisha.
Ndani kuna mtoto ambaye siyo wake.
Umeondoka kwake, au amejua unataka kuondoka.

Hiyo ya shingo naomba tuikazie. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa shingo na mwenza wake ana hatari ya kuja kuuawa na mwenza huyo karibu mara saba au zaidi kuliko ambaye hajawahi kukabwa. Huku tunasema "alimkaba kidogo tu, hasira". Hakuna kukaba kidogo. Na shingo inaweza isionyeshe alama yoyote nje. Sauti ikikauka, kumeza kukiuma, macho yakiwa na vidoa vyekundu, kichwa kikizunguka, njoo hospitali siku hiyo hiyo hata kama unaona umepona.

Na hiyo ya kuondoka nayo ni muhimu. Ndugu wengi tunasema "mbona haondoki tu?" Wakati wa kuondoka ndiyo wakati wa hatari kubwa. Asiondoke peke yake kwa hasira usiku. Aondoke kwa mpango: kuna mtu anayejua, kuna pa kufikia, kadi za kliniki za watoto na vitambulisho vimeshatangulia kwa mtu anayeaminika, na Dawati la Jinsia au mtendaji ana habari.

Kuna kitu pia ninachokiona kila mwaka. Kahawa ikishauzwa, hela ikiingia mkononi, usiku wa wikiendi wodi inabadilika. Kama mumeo au shemeji yako ni wa aina hiyo, hela ya mavuno isikukute hujajipanga. Ongea na wazee mapema, pombe ikiwa bado haijaingia.

*Sehemu ya 4: Watoto hawasemi kwa mdomo*

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti mkubwa wa kitaifa kuhusu ukatili kwa watoto Tanzania. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana ni karibu mmoja katika kila saba. Ndiyo, hata wavulana. Tumezoea kuwalinda mabinti peke yao.

Mtoto mdogo anasema kwa ngozi. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa wala kusimama kwa kushika vitu hapati michubuko hovyo hovyo, ataipatia wapi? Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, michubuko kwenye kifua, tumbo, mgongo, masikio au shingo inatakiwa itushtue. Magoti na paji la uso ni kawaida, watoto wanaanguka. Lakini sikio? Nani huanguka kwa sikio? Na mtoto aliyeungua miguu yote miwili sawasawa kama amevaa soksi, hiyo siyo ajali ya kukanyaga maji ya moto.

Mtoto mkubwa anasema kwa tabia. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, ameanza tena. Alikuwa anapenda kwenda kwa fulani, sasa ukimtuma huko analia tumbo. Ana hela au biskuti usizojua zimetoka wapi. Anatembea kwa shida na anakataa kuogeshwa. Dalili moja peke yake inaweza kuwa kitu kingine. Zikiwa mbili tatu, usimchape "aseme ukweli". Kaa naye, mwambie hajakosea, msikilize, halafu mlete.

Ikiwa ni ubakaji, saa zinahesabika. Usimwogeshe, usifue nguo zake, ziweke kwenye karatasi au khanga safi uje nazo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Kama ni binti aliyevunja ungo, dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Njoo hospitali. PF3 ya polisi tutahangaika nayo, lakini isikufanye ukae siku mbili nyumbani.

Na lile la "tuyamalize kifamilia" kwa mbuzi na laki mbili, naomba life. Kumbaka mtoto ni kosa la jinai, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka mtoto wa kike wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Hakuna mjomba wala babu mwenye mamlaka ya kulisamehe kwa niaba ya mtoto.

*Sehemu ya 5: Asimwe*

Kuna jina ambalo mkoa wetu wa Kagera haupaswi kulisahau. Asimwe Novath. Mtoto mwenye ualbino, hajafika hata miaka mitatu, wa Muleba. Aliporwa nyumbani kwao tarehe 30 Mei 2024. Mwili wake ulipatikana tarehe 17 Juni, umetupwa chini ya karavati, viungo vingine vimeondolewa. Mimi nina mtoto. Nilizima simu nikakaa gizani.

Polisi walipotangaza watu tisa waliokamatwa, ndani yake walikuwamo baba mzazi wa mtoto na padri. Hao walitangazwa kama watuhumiwa, na kuhukumu ni kazi ya mahakama, siyo yangu wala yako. Lakini tangazo lile peke yake lilitosha kunibadilisha namna ninavyoelewa ulinzi wa mtoto. Sisi tunawafundisha watoto waogope mgeni, mtu wa gari jeusi. Tunasahau kuangalia mwenendo wa watu tunaowajua.

Kwa hiyo usitafute sura ya mtu mbaya. Angalia anachofanya na anachosema. Mtu anaulizia mtoto mwenye ualbino analala chumba gani, mama yake anarudi saa ngapi shambani. Mtu kilabuni anasema kuna "dili". Mganga anaahidi utajiri kwa "kitu fulani". Wenzake wanacheka, wanaona ni stori za pombe. Mama, hiyo siyo stori. Neno "dili" likitajwa karibu na jina la mtoto, hiyo ni homa ya nyuzi 40. Unaondoka hapo unakwenda kusema, usiku huo huo.

*Sehemu ya 6: Ngara tunajua zaidi ya wengine*

Wakati mwingine dalili siyo za nyumba moja, ni za jamii nzima. Sisi watu wa Ngara hatuhitaji kusimuliwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa kama 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya yetu. Mimi nilikuwa mdogo, sijaanza shule. Ninachokumbuka ni vumbi, na mama anatuzuia kwenda mtoni. Baadaye nikaelewa kwa nini. Mto Kagera ulikuwa unabeba miili ya watu mpaka Ziwa Victoria.

Je, ile ilitokea ghafla? Hapana. Redio ya RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na watu walizoea kusikia majirani zao wakiitwa mende. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Dallaire aliyeongoza askari wa Umoja wa Mataifa Kigali, aliandikia makao makuu New York kwamba kuna mtoa habari anasema silaha zimefichwa na majina ya watu yanaandikwa. Hakuruhusiwa kuzikamata zile silaha. Miezi mitatu baadaye mauaji yakaanza.

Kwa hiyo hata wakubwa wa dunia wana "tulijua" yao. Dalili za kuziangalia ni zile zile: kundi la watu linapoanza kuitwa jina la mdudu au mnyama, mtu anapoanza kuorodhesha nyumba za fulani na fulani, mapanga yanaponunuliwa na siyo msimu wa kazi, mgogoro wa shamba au wa ng'ombe kuingia mazao unapotoka kwenye "nitakushtaki" unafika "tutaona nani atabaki hapa". Watoto wako wakirudi na matusi ya namna hiyo kuhusu jirani, usicheke. Uliza wameyasikia wapi.

*Sehemu ya 7: Taarifa siyo uvumi*

Sasa upande wa pili, maana na huu unaua. Kanda yetu ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Mimi nesi nakwambia: macho mekundu ya bibi ni moshi. Ni miaka 50 ya kupuliza kuni jikoni, akipika ule uji uliokukuza wewe. Aliyeanza kunong'ona "yule bibi ana macho" alidhani anatoa taarifa. Alikuwa anaandaa mauaji.

Tofauti ni hii. Taarifa inasema nilichoona, lini, wapi. Uvumi unasema fulani ni mtu wa aina fulani. Taarifa inakwenda kwa mwenye mamlaka. Uvumi unakwenda kwenye grupu la WhatsApp na picha ya mtu, na kesho yake anachomwa matairi. Ukiwa na habari ya hatari, usiitupe kwenye grupu. Mhusika atakimbia, au asiye na kosa atakufa, na mtoto aliyeumizwa atajulikana kata nzima.

Sema hivi: "Jana saa mbili usiku nilisikia mama fulani akilia, akisema unaniua. Ni mara ya tatu mwezi huu." Inatosha. Usiongeze chumvi.

Na wa kuwaambia ni hawa: mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, mtendaji wa kijiji au kata, afisa ustawi wa jamii, polisi kata, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mwalimu wa mtoto, na sisi wa zahanati na hospitali. Kwa mambo ya mtoto piga 116, ni bure. Hatari inayotokea sasa hivi, piga 112. Ukiona wa kwanza ni ndugu wa mhusika au anakupiga chenga, ruka, nenda kwa wa pili. Andika tarehe uliyosema na uliyemwambia.

Kwa mtoto siyo hiari hata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa serikali ya mtaa wake. Kila mwanajamii. Siyo mzazi peke yake.

*Sehemu ya 8: "Sista, wewe huishi hapa jirani"*

Najua mtakachoniuliza. Akifungwa nani atalisha watoto? Wakijua ni mimi je? Haya ni maswali ya kweli na sitaki kuyapuuza.

Namjua mama mmoja aliyemwona mtoto wa rafiki yake ameacha kucheza, anajificha nyuma ya jiko kila mjomba fulani akija. Hakumwita mtu mbakaji. Alimwambia mwalimu alichokiona, mwalimu akamwambia ustawi wa jamii, na mtoto akapata msaada. Yule mama aliitwa mchonganishi. Rafiki yake alikaa karibu mwaka bila kumsalimia. Kisimani walikuwa wanampa mgongo. Siku moja nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Urafiki utarudi au hautarudi. Mtoto analala usingizi." Basi. Sina la kuongeza hapo.

Gharama ipo, siwezi kuwadanganya. Lakini ukisema mapema, gharama inakuwa ndogo kwa kila mtu, hata kwa anayekosea. Mwanaume aliyeitwa na wazee na ustawi wa jamii alipoanza kutishia, anaweza bado kurudi kwa watoto wake. Aliyesubiriwa mpaka akaua, watoto wanapoteza wazazi wote wawili: mmoja kaburini, mmoja gerezani. Sasa hapo nani atawalisha?

Mimi siku hizi nimebadilika. Mama akija na "mlango wa jiko", namwomba mume atoke nje kidogo, nasema ni utaratibu wa vipimo. Mlango ukifungwa nakaa chini, niwe sawa na yeye, nauliza taratibu: "Dada, kuna mtu anakuumiza nyumbani?" Wengine wanasema hapana. Nawaambia mlango wangu uko wazi. Wengine wanakaa kimya muda mrefu, halafu wanaanza kulia kabla hata hawajajibu. Foleni huko nje inalalamika. Iache ilalamike.

Wiki hii nakuomba kitu kimoja tu. Kuna nyumba moja, au mtoto mmoja, aliyekujia akilini ukiwa unasoma haya. Usiniandikie jina lake kwenye komenti. Nenda kamwone, kaa naye, halafu mwambie mtu mmoja anayehusika ulichokiona. Tukikutana wodini, mimi na wewe, asiwepo wa kusema tulijua siku nyingi.

Wiki ijayo uji, naahidi. Usiku mwema, wabusuni watoto.